Zamu ya Opendi

Nimeuza chapati kwenye lango la yadi ya Hajji Mujib, hapa Busia upande wa Uganda, tangu lango lenyewe likiwa mabati matupu. Nimeona lori likirudi kinyumenyume mpaka ndani ya kibanda cha kinyozi. Nimeona bwana harusi akivushwa mpakani juu ya baiskeli ya magunia, suti yake nyeupe imejaa unga wa muhogo. Nikajisemea, Zubaida, wewe hushtuki tena. Kumbe nilikuwa sijaona mtu mzima mwenye akili zake akihukumiwa na kompyuta, akaikubali hukumu, akashukuru.

Kompyuta ilikuwa ya Nasifa, binti wa mwisho wa Hajji. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa Mjapadhola wa kijiji cha Sop Sop, huko Tororo, aliyesilimu akaolewa hapa mjini, na alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mtoto alirithi macho ya mama na ubishi wa baba. Tangu mdogo hakuweza kuacha kitu kilichomshinda. Ukimpa uzi uliojikunja, hali chakula mpaka aufungue. Alisomea kompyuta Tororo, akarudi nyumbani na cheti, kazi hakuna, basi akawa anakaa kwenye kigoda changu na laptopu mapajani, anafumbua mafumbo ya kuandika programu ambayo watu huwekeana mtandaoni. Jibu likiwa sahihi, skrini inaonyesha kijani. Likiwa si sahihi, nyekundu. Na likiwa nyekundu, chapati zangu zinaungua, kwa sababu ananiuliza mimi.

"Shangazi," aliniambia asubuhi moja, "una jukwaa moja tu la kushushia mizigo, kama hili letu. Magari ni mengi. Kila gari lina namba mbili, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mawili hayawezi kukaa pamoja. Utachagua vipi ili siku moja yapite magari mengi kabisa?"

"Aliyefika kwanza apite kwanza. Hilo nalo ni swali?"

Akaandika. Nyekundu. Akaniambia kuna lori la saruji limefika alfajiri, limekalia jukwaa mpaka magharibi, wengine wote wamekosa.

"Basi apite mwenye kazi fupi."

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema, akaandika. Nyekundu tena. Safari hii nilikasirika, kwa sababu nilikuwa na hakika. Nasifa akachukua chapati yangu, ya kuuza, akaikata vipande viwili virefu, akavipanga kwenye sinia, kimoja kikiisha kingine kinaanza. Halafu akakata kipande kidogo akakilaza juu ya maungio yao. "Huyu mdogo ndiye mfupi kuliko wote," akasema, "lakini ukimpitisha yeye, anawagonga hawa wawili. Umepata mmoja, umepoteza wawili." Chapati nimepika maisha yangu yote, sikujua inaweza kunitukana.

Siku zile alitembea kama mgonjwa. Anasalimiwa hajibu, anamimina chai pembeni ya kikombe. Halafu mchana mmoja nikasikia ukelele kutoka ofisini kwa baba yake, nikajua nyoka. Nikakimbia na mpini wa jembe. Nikamkuta anaruka.

"Anayemaliza kwanza, Shangazi! Siyo anayeanza, siyo mfupi, anayemaliza kwanza!"

Akanieleza huku anahema. Unapanga safu yote kwa saa ya kumaliza. Unamchukua anayemaliza mapema kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye anayewaachia wenzake nafasi kubwa. Unashuka kwenye safu, anayeanza baada ya huyo kumaliza unamchukua, anayemgonga unamwacha, unaendelea, hugeuki nyuma. Basi. Programu yenyewe haikuzidi kiganja cha mkono. Majaribio yote yalikuwa kijani, kijani mpaka chini.

"Na njia hii inaitwaje?"

"Wanaiita njia ya tamaa. Inanyakua kinachofaa sasa hivi na haijutii."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikamwambia tamaa hatuna upungufu nayo kwenye yadi hii.

Maana hapa kwetu jukwaa lilikuwa linagawiwa kwa karai langu. Ndiyo, karai la unga. Baada ya swala ya alfajiri kila dereva alitupa ufunguo wake ndani, nafunika kwa kitambaa, nachomoa bila kutazama, na ufunguo unaotoka ndio unaopanda jukwaani. Desturi hiyo niliikuta, na karai langu lilikuwa na heshima yake. Lakini bahati ina vituko. Siku nyingine linatoka lori la saruji mapema, jukwaa limeliwa, ngumi zinaanza. Phillip, dereva Mkenya anayeleta sabuni, aliapa kwamba ufunguo wake naujua kwa harufu nauepuka. Siku aliyopigana na mwenzake mpaka mafuta yangu ya moto yakamwagika, Hajji alitoka na kanzu ameikunja kiunoni.

"Imetosha!" akafoka. "Nitaifunga yadi hii nifuge kuku!"

Nasifa alikuwa amesimama nyuma yake. "Baba, nipe wiki moja. Nitapanga mimi."

Hajji akamtazama, akatutazama sisi mashahidi. Ni mtu wa neno lake, na anapenda kulitoa mbele za watu. "Wiki moja bila ngumi, Nasifa, nitakupeleka Kampala ukasome hiyo kompyuta yako mpaka uchoke. Ikipigwa ngumi moja, unakwenda Tororo, dukani kwa dada yangu, kupima vitambaa."

Duka la vitambaa Nasifa analiogopa kuliko kaburi. Akasema sawa. Karai langu likarudishwa kwenye unga, na mimi nikanuna, nani asingenuna?

Ikawa hivi. Jioni Jamilu, msimamizi wa yadi, anawapigia simu madereva wa kesho, anamwuliza kila mmoja ataanza saa ngapi na atamaliza saa ngapi. Nasifa anaziingiza namba. Asubuhi Jamilu anapanda jukwaani anaita namba za magari yaliyochaguliwa, na asiyesikia namba yake anaambiwa kesho.

Nakuambia nilishikwa na butwaa. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Madereva walijifunza haraka: ukitaka kuchaguliwa, maliza mapema. Wakaajiri wapagazi wengi, mizigo ikawa inaruka. Magari yaliyokuwa yanalala langoni yakawa yanapita na kurudi. Wateja wangu hawakuwa na muda wa kukaa, walikula chapati wakitembea.

"Mathe," Phillip aliniambia kwa Sheng yake ya kusifu, mdomo umejaa, "huyu dem ni noma. Nimemaliza mapema hadi sijui niende wapi."

Sasa nikueleze habari za Opendi. Huyu ni mjomba wa Nasifa, ndugu wa marehemu mama yake, mkulima wa Sop Sop. Mwembamba, mpole, kofia yake ina umri wangu. Kila msimu anakodi pikapu analeta nyanya, na wachuuzi wa kike wa upande wa Kenya wanavuka asubuhi kuja kumsubiri yeye, kwa sababu Opendi hana wapagazi wala haraka. Anazishusha mwenyewe jukwaani, maana nje ya jukwaa hakuna ruhusa ya kuuza, anapangusa moja moja kwa kitambaa, anazigeuza, yenye doa anaiweka kando. Kwake hukuti nzuri juu na mbovu chini. Kazi hiyo inaanza saa moja na kwisha saa sita, na saa sita wale wanawake wanageuza kurudi kwao. Baada ya hapo, hata ulie, nyanya hazina mtu.

Jumatatu nilimwona kwenye lango la nyuma, lile la barabara ya Tororo, amekaa juu ya kreti.

"Mzee Opendi, leo hukupita?"

"Wanasema kesho, dada. Hakuna neno."

Alhamisi nikamwona tena palepale na kreti. Nikajua ule mzigo wa kwanza ulikwisha, amerudi na mwingine, si msimu umekolea?

"Mambo yanakwenda?"

"Yanakwenda," akasema, na uso wake ukang'aa. "Mtoto yetu anafanya kazi mzuri. Naona gari inapita tu, inapita tu. Dada yangu angekuwa hai angefurahi."

Harufu ilianza siku hiyohiyo. Nikalaumu mtaro. Nikamwaga jivu, nikamtukana mbuzi wa jirani, nikafunika unga. Harufu haikuondoka.

Ijumaa wiki ilitimia. Baada ya swala Hajji alinunua soda kreti kwa kreti, akawakusanya madereva na wapagazi mbele ya jukwaa, akasimama juu yake na kanzu yake nyeupe. Ngumi haikupigwa hata moja, alisema, na magari yaliyopita wiki hii hajawahi kuyaona tangu aanze kazi. Binti yake anakwenda Kampala. Madereva wakapiga honi mpaka watoto wa madrasa wakatoka nje. Nasifa alikuwa analia na kucheka. Nami nililia, nikimkumbuka mama yake.

Katikati ya honi hizo ikaingia bodaboda, na juu yake Opendi, amevaa shati la kanisani, ameshika kuku mwekundu miguu. Akashuka, akamkabidhi Nasifa kuku kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, mwanangu. Umetupa heshima."

"Asante, Mjomba!" Nasifa akamkumbatia na kuku katikati. "Leo umekuja bila nyanya? Umeuza zote?"

"Hapana. Nyanya imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

Opendi akasema kwa sauti ileile ambayo mtu husemea kwamba mvua imenyesha. "Ile ya kwanza iliharibika pale nyuma. Nikamwaga. Ile nilileta jana pia. Ile ilibaki kwa shamba, tuling'oa."

Nilidhani sikusikia. Nasifa akauliza kama shamba limeingiwa na ugonjwa.

"Mimi sikuona ugonjwa. Lakini kompyuta yako ilikataa. Jumatatu ilikataa, siku ya pili ilikataa, kila siku inakataa. Watu wote inapita, mimi hapana. Nikasema, hii kitu imesoma, imeona ubaya jicho yangu haioni. Jana jioni nikaambia mke wangu, tusiuzie watu kitu mbaya, tutaharibia mtoto jina. Leo asubuhi tukang'oa."

Yarabi! Honi zilikwisha moja moja, kila dereva akimwuliza mwenzake kuna nini. Hajji alibaki juu ya jukwaa na chupa ya soda mkononi, hainywi wala haiweki. Jamilu ndiye aliyepasuka wa kwanza.

"Lakini mzee, si nilikuambia kwa simu useme saa tatu? Sema saa tatu, utaingia, mbele tutajua!"

"Nikisema saa tatu na mimi namaliza saa sita," akasema Opendi, "si nimedanganya mtoto?"

Nasifa aliniwekea kuku mikononi bila kunitazama, akaenda kuleta laptopu, akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Nikainama nyuma yake. Akarudisha namba za Jumatatu. Saa moja, saa sita: huyo hapo, chini ya wenzake wote wa asubuhi. Programu ilikuwa imemchukua anayemaliza saa mbili, ikamchukua wa saa tatu na nusu, ikafika kwa Opendi, ikakuta anawagonga, ikamruka. Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo. Kila siku palepale, na kila siku ikamruka, kwa sababu haigeuki nyuma na haikumbuki jana. Karai langu, pamoja na upumbavu wake, halikuwahi kumkataa mtu mmoja wiki nzima. Na programu ilikuwa sahihi. Juu ya skrini, kijani tupu.

"Haijui ni nyanya, Mjomba," Nasifa akasema, na sauti yake sikuitambua. "Haijui hata kama ni wewe. Nilikuwa natazama wanaopita tu. Sikuwahi kuiuliza nani amebaki."

Opendi akamwinua kwa kiwiko, akampangusa vumbi magotini. "Usilie mbele ya watu. Leo ni siku yako."

Tulikwenda Sop Sop jioni ileile kwa pikapu ya Hajji, Nasifa, Opendi na mimi, kwa sababu mama yake hayupo na nani mwingine angekwenda naye. Tukapita Tororo, tukapita Nagongera soko likifungasha. Nilikuwa naomba kimoyomoyo tukute miche hata ya robo shamba imesalia. Lakini Opendi ni mtu nadhifu. Alikuwa ameing'oa yote na kuilaza kwa mistari, mizizi upande mmoja, na mashimo ameyafukia. Nyanya zilikuwa bado zimeshika kwenye mashina, nyingi za kijani, nyingine zimeanza wekundu. Niliinama nikageuza moja, nikageuza nyingine. Nilitafuta doa kwa hasira, nilitaka lionekane hata moja. Hakuna. Zilikuwa nyanya nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na zilikuwa zinanyauka mbele ya macho yangu.

Nasifa akaanza kuzichuma, anazitia kwenye mtandio wake.

"Hizo hazitaiva," akasema mjomba wake.

Akaendelea kuchuma. Mtandio ulipojaa akakaa chini kwenye udongo. "Kwa nini hukuniuliza, Mjomba? Nilikuwa ndani pale ofisini. Ungegonga mlango tu."

Opendi alivua kofia, akaigeuzageuza. Alionekana kushangaa kweli, kana kwamba swali ndilo la ajabu.

"Nikuulize nini? Si wewe ndio ulikataa? Mtu yako akikataa kitu yako, unamwuliza kwa nini? Unaona haya, unarudi nyumbani."

Mke wake alitoa viti, akatukaribisha ugali. Tulikula.

Hajji alisema neno lake ni neno, Kampala iko palepale. Nasifa ndiye aliyekataa muhula huo. Baba yake alifoka, alinituma mimi nikamseme, nikamsema, hakusikia mtu. Aliongeza namba ya tatu kwenye safu: umeachwa asubuhi ngapi. Aliyeachwa jana anapanda kwanza leo, amalize saa yoyote atakayomaliza, ndipo ile njia ya tamaa inapanga waliobaki. Magari yanayopita yakapungua, na Jumatatu ya kwanza Phillip akampiga ngumi dereva wa mihogo. Hajji akatazama pembeni, akasema wiki ilikwisha Ijumaa. Nasifa akawa anakwenda Sop Sop kila akipata nafasi, anarudi na udongo kwenye kucha. Miche alinunua yeye, kuotesha alimwachia Opendi, na kila safari alimweleza upya: haikukataa nyanya, haina macho, ilipanga saa tu. Opendi alisikiliza mpaka mwisho kila mara. Alikuwa anasema ndiyo, ndiyo.

Nyanya mpya zilipoiva, Opendi alizileta kwa pikapu ileile ya kukodi. Siku ya kwanza hakuitwa. Nilimwona akitazama chini, akaanza kufunga turubai ageuze kwao. Nasifa alitoka mbio bila viatu. "Mjomba, subiri! Kesho ni wewe! Nakuapia, kesho ni wewe!" Opendi akalala yadini, kwenye kiti cha gari, pembeni ya kreti zake.

Asubuhi Jamilu alipanda jukwaani akaita namba yake ya kwanza kabisa. Opendi hakutikisika. Ikabidi nimguse bega.

"Wamekuita, Mzee."

"Mimi? Una hakika, dada?"

Akashusha kreti ya kwanza, akaifungua, akatoa kitambaa chake. Wachuuzi kutoka upande wa Kenya walikuwa wameshaanza kumzunguka. Nasifa alisimama kando, laptopu kwapani, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya honi. Opendi akamwita kwa mkono, akainama ili watu wasisikie, lakini mimi nilisikia.

"Kwa hivyo hii ya sasa iko mzuri?"

Tabasamu likamtoka Nasifa usoni.

"Hata zile zilikuwa nzuri, Mjomba. Zote zilikuwa nzuri."

Opendi alimtazama, akaitikia kwa kichwa polepole, kama unavyomwitikia mtoto anayekufariji msibani. Halafu akaanza kupangusa nyanya, moja moja.